Rasimu Iliyosomwa Kaburini

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Biharamulo, anayesimamia chama cha wanafunzi wanaopenda kuandika, aliniomba nifike shuleni kwake na rasimu zangu. Si vitabu; vitabu, alisema, wanafunzi wanavyo. Alitaka karatasi zilizokatwakatwa, sentensi zilizoanza vizuri zikaishia porini, kurasa ambazo mwenyewe nazionea haya, ili watoto waone kwamba hata aliyechapishwa huanza kwa kuchafua. Nilimwambia nitatafuta. Sikutafuta, maana nilijua hakuna kitu. Miaka yote ya kuandika kwangu, nikishapata nakala safi, zile chafu nawashia moto wa jikoni, na siku hizi nazifuta kwenye simu. Maharage mengi yameivia kwenye sentensi zangu mbovu.

Niseme ukweli, katika jambo hili mimi ni mnafiki. Nimesimama kwenye semina nikiwaambia vijana wasiogope kukosea, huku makosa yangu nimeyafungia ndani. Mtu akinikuta naandika nafunika karatasi kwa kiganja, kama mwanafunzi anayehofia kuibiwa majibu. Hata mume wangu hajawahi kuona ukurasa wangu ambao haujakamilika, na yeye ameniona katika hali nyingine zote.

Rasimu moja tu ndiyo iliyonusurika, na ilinusurika kwa sababu ilisomwa hadharani, kwenye kaburi la baba yangu, kijijini kwetu Kirushya, mbele ya padri, kwaya na majirani wote. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya kwangu ilijulikana na kata nzima. Mwalimu, nimeona nikuletee hiyo, maana sina nyingine.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alijifunzia kazi kwa mafundi wa misheni, Rulenge, na ni hukohuko Rulenge alikofia, hospitalini, akiwa ameshakuwa mwepesi kiasi kwamba nilimgeuza kitandani peke yangu. Siku zake za mwisho alikuja mwanamke mmoja na chupa ya uji. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa na paji la uso la baba, lile lililotokeza mbele, ambalo mimi nalificha kwa kilemba.

Kwetu mambo ya Biharamulo yalikuwa ya kujulikana bila kusemwa. Baba aliwahi kufanya kazi huko, akijenga nyumba za watu, na huko aliacha mtoto. Tulipokuwa wadogo alikuwa akienda Biharamulo kila mwaka baada ya mavuno ya maharage, anakaa siku chache, anarudi kimya. Hakuna aliyetueleza, nasi tulijifanyia hesabu wenyewe: kama anaenda sasa, basi jambo lenyewe ni la sasa. Mtoto huyo, tukaamua, alizaliwa katikati yetu, kwa kumwibia mama. Tulikua na hasira hiyo kwa niaba ya mama, na mama hakuwahi kutuomba tumshikie.

Yule mwanamke alinitazama, akaniambia pole, akaniwekea mkono begani. Nilisubiri shikamoo. Mimi ndiye mkubwa nyumbani, wadogo zangu wote wananiamkia, hata wale wenye mvi. Shikamoo haikuja, na nilimhesabia hilo. Mama yeye aliupokea uji, akaonja kama una joto sana, akaanza kumnywesha baba kijiko kwa kijiko. Hakusema chochote, na mimi nikausoma ukimya wake nilivyotaka.

Baba alipofariki tulimrudisha Kirushya, na ukoo ukakaa kikao uani kugawana kazi. Huyu jeneza, huyu chakula, yule kwaya na turubai. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa akiongoza. Ilipofika kwenye historia ya marehemu hakuuliza hata mtu, alinionyesha kwa kidole tu. Wote wakaitikia. Mwandishi si yupo? Nilijisikia vizuri, sitaficha, tena siku ya kufiwa na baba.

Kwetu historia ya marehemu si pambo la ratiba. Sala zikishaisha, na kabla jeneza halijashushwa, mtu wa ukoo anasimama na karatasi, na kinachosomwa pale ndicho watu wanachorudi nacho nyumbani. Ukitajwa, wewe ni mtoto. Usipotajwa, hata kama una uso wa marehemu mwenyewe, umekuja kuzika kama jirani. Nimesikia kesi za mashamba ya migomba zikiamuliwa na mzee mmoja kusema tu kwamba, lakini kwenye historia huyu hakuwemo. Kwa hiyo nilijua vizuri nimekabidhiwa nini. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata alinivuta pembeni kunikumbusha, asije mtu akaleta mambo ya Biharamulo, shamba lenyewe ni dogo. Sikumkatalia, kwa hiyo sina haki ya kumlaumu.

Nikaingia jikoni na simu yangu, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na soketi. Wanawake walikuwa wakimenya ndizi, visu vinakwenda, mazungumzo yanakwenda. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akaniuliza nimefika wapi na kuniambia nisome wasikilize. Hivyo ndivyo historia zinavyoandikwa kwetu: mmoja ameshika kalamu, wengine wanamenya na kumsahihisha. Huyu anakumbuka mwaka wa ubatizo, yule anasema hapana, siku hiyo ng'ombe wetu alikuwa amezaa, na mwisho karatasi inachafuka mpaka haisomeki, ndipo inaandikwa upya. Nilijua desturi hiyo. Nilimwambia shangazi bado haijaiva.

"Mwanangu," alisema, "hata pombe tunaionja ikiwa bado. Ukingoja iive kwanza, ikiwa chungu utafanyaje?"

Wakacheka. Mimi nilichomoa waya wa simu, nikahamia stoo, nikakaa juu ya gunia na kufunga mlango. Nilijiambia natafuta utulivu. Nilichokuwa natafuta ni mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza swali.

Namna yangu ya kuandika ni mbaya, ndiyo maana naificha. Naandika huku najisemea, na maneno ya kujisemea nayaweka humohumo ndani ya sentensi, bila mabano wala alama yoyote, kwa kuwa najua mwenyewe nitayatoa. Hii hapa sehemu ya rasimu ya kwanza, kama ilivyokuwa. Sijaisahihisha, ingawa vidole vinaniwasha.

"Marehemu alizaliwa hapa Kirushya mwaka wa njaa, shangazi anasema njaa, baba mdogo anasema baada ya njaa, weka tu zamani. Alisoma mpaka darasa la nne. Alikuwa mtu wa watu, ondoa hii, kila anayekufa ni mtu wa watu. Alikuwa mkali, hapana, alikuwa mtu mwenye msimamo. Alikuwa fundi mwashi hodari. Aliwahi kufanya kazi Biharamulo. Hapa pagumu. Wale wa Biharamulo tuwataje au tuwaache? Muulize mama. Nikimuuliza anaweza kusema ndiyo, na akisema ndiyo sina pa kukimbilia. Ameacha mjane mmoja na watoto, sita au saba? Sita inatosha. Mtoto wake wa kwanza ndiye aliyeandika historia hii."

Kisha nikaandika nakala safi. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Njaa nikaifanya sentensi yenye mdundo. Ukali ukawa msimamo, msimamo ukawa upendo wa ukweli. Biharamulo nilipapita hivi: "Kazi ya mikono yake ilimfikisha mbali, na popote alipopita aliacha ukuta ulionyooka." Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti mle stoo, nikafuta machozi, na nusu ya machozi hayo yalikuwa ya kujipongeza. Watoto walikuwa sita. Mama sikumuuliza. Alikuwa chumba cha pili, ningeweza kumwita bila kuinuka.

Mwenye steshenari wa mjini Ngara alikuwa amekubali kutuchapia alfajiri ya siku ya maziko, hata kabla ya saa ya kufungua duka. Kwa haraka nikamtumia faili lisilo lenyewe, lile chafu. Nililiona kosa papo hapo, nikamtumia la pili, nikaandika chini yake kwamba achape hili, lile aliache. Mtandao wetu ukishaamua kulala haumwogopi mfiwa. Faili la kwanza lilikwenda, la pili likabaki na kile kisaa kidogo cha kungojea, na maelezo yangu yakabaki nalo. Kisaa hicho nilikuja kukiona jioni, baada ya maziko. Kwa wakati ule nilikuwa nimeshaiweka simu mfukoni na kwenda kuoga.

Asubuhi hiyo baba mdogo, ambaye ndiye angesoma, aliniomba tuipitie pamoja kabla ya wakati. Nilimwambia asubiri, ataiona ikiwa imekamilika. Sikupenda ashike kitu changu na kuanza kuuliza. Bodaboda alileta bahasha padri akiwa tayari amevaa mavazi ya ibada, baba mdogo akaipokea ikiwa imefungwa na kuiweka ndani ya koti. Hakuna mtu yeyote aliyeisoma kabla ya kaburi, na sababu ni mimi.

Inabidi pia umjue baba mdogo ni msomaji wa aina gani. Ni yeye anayesoma masomo kigangoni Jumapili, na amefanya hivyo tangu nikiwa msichana. Anasoma taratibu, anapumua kwenye nukta, na kwake kilichoandikwa hakirukwi. Hata majina marefu ya kwenye Agano la Kale, ambayo wasomaji wengine huyamumunya, yeye huyataja yote mpaka la mwisho.

Alifungua bahasha, akavaa miwani, akaanza. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwani pa jeneza, nimeinamisha kichwa kwa namna ya mtu anayengoja kusifiwa. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa mwaka wa njaa. Halafu akasoma kwamba shangazi anasema njaa na yeye baba mdogo anasema baada ya njaa, weka tu zamani. Akatikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, ndivyo alivyosema, akaendelea. Watu wa nyuma wakacheka. Kwenye mtu wa watu walicheka zaidi, na mmoja wa kwaya akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mkali, hapana, mwenye msimamo: hapo hata padri alishindwa, akajifanya anakohoa.

Mimi nilikuwa nimeganda. Nilijua vizuri kinachofuata, neno kwa neno, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kupaza sauti na kumzuia. Mguu haukunyanyuka. Watu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Pale ardhi ilikuwa imeshapasuka tayari, lakini si kwa ajili yangu.

"Aliwahi kufanya kazi Biharamulo," baba mdogo alisoma. "Hapa pagumu. Wale wa Biharamulo tuwataje au tuwaache? Muulize mama."

Kicheko kilikatika. Alisoma yote yaliyobaki kwa sauti ileile ya kigangoni, kwamba nikimuuliza anaweza kusema ndiyo, kwamba sina pa kukimbilia, kwamba ni sita au saba, kwamba sita inatosha. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusimama. Alinishangaa. Alidhani ndivyo vitabu vinavyoandikwa siku hizi, akaniambia, na kama mwandishi ameweka, yeye ni nani aruke.

Aibu ya mtu mzima ina joto lake. Ilianzia shingoni ikapanda mpaka kwenye kilemba. Sikumtazama mdogo wangu, sikumtazama padri, na zaidi ya wote sikutazama upande wa migomba, ambako nilijua amesimama yule mwanamke wa Biharamulo. Alikuwa amefika asubuhi, ameshushwa na gari la abiria la Benako, akakaa nyuma na wapishi. Nilikuwa nimemwona nikapita. Sasa alikuwa amesikia, kwa sauti iliyo wazi na nukta zake zote, kwamba nilimhesabu na nikaona anazidi.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na kanga mbili mabegani. Alinyoosha mkono. Kwetu mjane hasemi sana kwenye kaburi, kwa hiyo alipozungumza watu walisogea. Alizungumza Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, polepole, akimwomba shemeji yake arudie pale kwenye watoto. Baba mdogo, Mungu ambariki, akarudia pote: sita au saba? Sita inatosha.

"Ni saba," mama alisema. "Andika saba, halafu uendelee."

Baba mdogo akajipapasa mifukoni, hana kalamu. Mwenyekiti wa kitongoji akampa yake. Akatafuta pa kuegemeza karatasi, hakuona, akaiweka juu ya jeneza la baba, akainama, akakata mstari mrefu juu ya maneno yangu na kuandika saba. Tulisikia kalamu ikikwaruza mbao. Nimefanya kazi na wahariri wengi na nimegombana nao karibu wote, lakini sijawahi kuhaririwa mahali kama pale. Akainuka, akavaa tena miwani aliyokuwa ameivua, akasoma kwamba mtoto wake wa kwanza ndiye aliyeandika historia hii. Mama alimwacha amalize.

Jeneza liliposhushwa, mwongozaji wa ratiba aliwaita watoto wa marehemu waweke udongo, wakianza na mkubwa. Nilishukuru kupata kitu cha kufanya na mikono. Nilikuwa nimeshainama, udongo uko kiganjani, mama aliponishika mkono.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Mkubwa yuko kule nyuma."

Sikuelewa, au nilielewa na mwili ukakataa. Watu walimpisha. Alikuja na kile kitenge chake cha kijani, akainama, akaweka udongo wake bila kelele, akasogea pembeni mahali palipobaki wazi, kulia kwangu. Mimi niliweka wa pili. Katika rasimu zote, ile chafu na ile safi, niligusagusa kila sentensi, nikabadili hata nukta, isipokuwa ile ya mtoto wa kwanza, ambayo haikunipitia akilini kuitilia shaka, nayo ndiyo haikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama pale na miaka yangu yote ya kuamkiwa, nikikumbuka ile shikamoo niliyoidai hospitalini, ambayo kumbe mimi ndiye niliyetakiwa kuitoa.

Mama alinieleza baada ya watu kupungua, tukiwa tumeketi mkekani. Baba alimzaa mtoto huyo ujanani mwake, akifanya kazi Biharamulo, kabla hajamjua mama. Alipokuja kuposa alilisema wazi. Mama alikubali kwa sharti kwamba mtoto asiachwe, na kila mwaka ni yeye mwenyewe aliyekuwa akipima maharage ya kupelekwa. Nilimuuliza kwa nini basi hakutuambia. Alinitazama kama anayetafuta jibu ambalo halitaniumiza.

"Nilidhani mnajua," alisema. "Gunia lenyewe si ninyi mlikuwa mnalishika mdomo, mimi nafunga?"

Ni kweli. Nakumbuka kamba ya mgomba, nakumbuka vumbi la maharage puani. Nilishika mdomo wa gunia hilo kila mwaka na sikuwahi kuuliza linakwenda kwa nani. Mtu anayejiita mwandishi.

Siku zile za matanga nilikuwa natoka chumbani kwa lazima tu. Nikienda kisimani naona wanawake wananyamaza, najiaminisha kwamba walikuwa wakinisema, na bila shaka walikuwa wakinisema. Vijana wa jirani walikuwa wameshaifanya sentensi yangu kuwa msemo. Mtu akiongezewa ugali anasema, sita inatosha. Nililia, nikakasirika, nikamlaumu mwenye steshenari, nikalaumu mtandao, nikamlaumu hata baba mdogo na miwani yake. Mdogo wangu naye hakunisemesha. Alikuwa akipima shamba kwa macho. Mwishowe walilaumiwa wote na aibu ikabaki palepale, kwangu.

Siku ya kuondoa matanga, shangazi hakuniuliza kama nataka. Alinitafutia stuli, akaiweka katikati ya ua, akanipa karatasi na kalamu, akasema historia iandikwe upya, wajukuu waje kuikuta ikiwa imenyooka. Nikakaa. Nilikuwa nataka kufunika karatasi kwa kiganja, ila nilizungukwa pande zote. Nikaandika mstari wa kwanza, wakaukataa. Nikakata. Nikaandika mwingine, shangazi na baba mdogo wakaanza upya vile vita vyao vya njaa. Mtoto wa mtu akanimwagia chai kwenye darasa la nne. Lile neno mkali walisema niliache hivyohivyo, kila mtu pale alikuwa na kofi lake la kukumbuka. Haikuwa karatasi ya kumwonyesha mtu, na watu wote walikuwa wakiiona.

Dada yangu wa Biharamulo, naweza kumwita hivyo sasa, alikuwa ameketi chini karibu na stuli yangu, ungo mapajani, akimenya maharage mabichi. Tulipofika kwenye kazi za marehemu, zamu yake ya kusema ikafika, akasema. Baba alikuwa akifika kwao jioni na gunia lake, anakaa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, anakagua ukuta kwa kiganja kabla hata ya kusalimia. Mvua ikiwa imeumega mahali, anavua shati na kuutengeneza. Ndipo anaingia. Niliandika anavyosema, nikakosea, nikakata, akanirudisha nyuma, nikaandika tena. Ule ukuta wangu ulionyooka ulikuwa na nyufa, na alikuwa akirudi kila mwaka kuuziba.

Watu walipohamia kwenye chakula tulibaki wawili. Nilikuwa nimempa shikamoo asubuhi ile, ya kwanza, naye aliitikia marahaba bila kunitazama usoni, kwa huruma nafikiri. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilichoweza kusema ni kwamba anisamehe kwa yale yaliyosomwa kaburini, hasa lile neno la kwamba sita inatosha.

Alimenya ganda moja, akamenya la pili.

"Hilo nililisikia," alisema. "Lakini kabla yake nilisikia umeuliza kama tutajwe. Tangu nizaliwe, sikuwahi kusikia mtu wa huku akiuliza."

Nikaweka kalamu chini. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu anayetaka tu kujua, ile nakala nyingine, ile nzuri niliyokusudia isomwe, kama nayo ilikuwa na swali hilo.

Nikamwambia haikuwa nalo. Nililitoa.

Akaitikia kwa kichwa, akausogeza ungo katikati yetu ili nami nimenye.